Stika nyeusi ni LPG, ya buluu ni CNG

Umeuliza kuhusu ile stika nyeusi yenye umbo la almasi uliyoona nyuma ya pikapu: si pambo. Gari linatumia LPG, gesi ileile ya mtungi wa jikoni. Ingekuwa ya buluu yenye herufi CNG, hiyo ni gesi asilia iliyoshindiliwa. Kanuni zenyewe ni za NFPA, shirika la Marekani la kukinga moto: NFPA 58 kwa LPG na NFPA 52 kwa CNG. Zinataka stika ikae nyuma, chini upande wa kulia, lakini si juu ya bampa (na bampa ndilo la kwanza kung'oka). Herufi zinaakisi mwanga, mzimamoto azisome kwa tochi kabla hajasogea. Ulaya mabasi ya CNG hubeba almasi ya kijani.

Tofauti si ya rangi tu. LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwenye maegesho ya chini ya jengo hapa tao, Nairobi, inatambaa sakafuni, inaingia mtaroni na kungoja cheche. CNG hupaa na kujikusanya darini, ila mtungi wake una shinikizo la bar 200 hivi. Wa LPG kwa kawaida haufiki hata 15.

Lakini gari lisipokuwa na stika usilihesabu salama. Mimi hufunga mitungi hii kwenye gereji Industrial Area, na mengi yanayoletwa marekebisho hayana alama yoyote. Inua zulia la buti: mtungi wa LPG wa duara, kama chapati nene, mara nyingi umelala mahali pa spea taya.