Magazini ya risasi 17 na muswada wa risasi 10: niziuze, nizipunguze au nizifiche?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa lori, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Nina grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), nina kibali cha kubeba bastola, na bastola yenyewe ni Glock 17 yenye magazini nne, yaani vile vikasha vya kupakia risasi, kila moja inaingia risasi 17. Tangu lile shambulio la kanisani Minneapolis mwezi Agosti 2025, habari ni moja tu: jimbo lipige marufuku magazini zinazozidi risasi 10. Pale ninapofanyia mazoezi ya shabaha watu wamechafukwa. Mmoja ananiambia ninunue nyingine kumi haraka kabla mlango haujafungwa. Mwingine anaapa hatatoa hata moja, wakitaka wamfunge. Naomba unieleze: sheria ikipita watakuja kuzichukua? Hizi nilizonazo zinaweza kupunguzwa zikawa za 10? Na je, nikivuka nazo majimbo mengine nikiwa kazini?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Karakana yangu ya bunduki iko Aurora, Colorado. Jimbo hili limekuwa na kikomo cha risasi 15 tangu Julai 1, 2013, kwa hiyo maneno unayoyasikia huko sisi tuliyasikia zamani, karibu vilevile. Nianze na swali la ufundi maana ndilo langu. Ya sheria nitakueleza ninavyoyaona kutoka kwenye meza ya kazi. Wakili ni mtu mwingine, na kwa hali yako utamhitaji. Nitafika huko.

Chukua magazini moja, hakikisha haina risasi, igeuze utazame mgongo wake. Utaona matundu madogo yenye namba, la mwisho 17. Chini kuna kitako cha plastiki chenye tundu katikati. Ukibonyeza hapo kwa pini huku umeminya pande mbili, kitako kinateleza kuelekea mbele, na hapo weka dole gumba haraka, la sivyo springi itaruka ikupige usoni. Ukishafungua utabaki na vitu vitano tu mezani: bomba lenyewe, ambalo ni plastiki yenye chuma ndani, kipande kinachosukuma risasi juu, springi, bamba dogo la kushikilia springi, na kitako. Hakuna kingine. Mjadala wote huo wa bungeni unahusu vipande vitano unavyoweza kuvishika kwenye kiganja kimoja.

Kupunguza ujazo ni kuweka kizuizi ndani, kwa kawaida kijiti kinachosimama juu ya lile bamba la chini, ili kile kipande kinachosukuma risasi kigote baada ya risasi ya 10. Kazi yenyewe haina ugumu. Ugumu uko kwenye neno moja ambalo sheria nyingi za aina hii zinalo: ubadilishaji uwe wa kudumu. Kizuizi unachoweza kukitoa kwa pini ileile uliyofungulia hakitoshi. Mafundi wengi wanapiga ribiti kupitia kitako na ukuta wa bomba, kisha wanamimina gundi ngumu ya kuchanganya. Matokeo yake magazini haifunguki tena kusafishwa. Ikiingia mchanga au maji ya theluji, imeingia. Na ukishapiga ribiti, jaribu kuingiza risasi ya 11, ya mazoezi isiyo na baruti, kwa nguvu zako zote. Ikiingia, hukufanya kitu.

Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wasihangaike. Glock wenyewe wanatengeneza magazini ya risasi 10 kwa ajili ya Glock 17, urefu na umbo la nje ni lilelile, inafunguka na kusafishwa kama kawaida. Magazini ya kiwandani itafyatua vizuri kuliko iliyopigwa ribiti na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Halafu usiguse chochote kabla sheria haijatiwa saini na hujasoma maandishi yake ya mwisho. Namba hubadilika njiani. Delaware mwaka 2022 iliishia 17, ambayo ingekuacha salama kabisa. Illinois, Januari 2023, iliweka 15 kwa bastola na 10 kwa bunduki ndefu. Risasi iliyoko chemba, yaani ile iliyokwisha kuingia kwenye bastola tayari kufyatuliwa, kwa kawaida haihesabiwi. Kinachopimwa ni uwezo wa magazini.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa bunduki huku Colorado walilipigia kelele sana mwaka 2013, na kusema kweli hapo walikuwa na hoja. Sheria yetu haikukataza tu magazini inayozidi 15. Ilikataza pia ile iliyoundwa iweze kubadilishwa kirahisi izidi 15. Unakumbuka kile kitako kinachoteleza? Ukikitoa unaweza kuweka kingine kirefu kinachoongeza risasi mbili au zaidi. Na karibu kila magazini ya kisasa ina kitako kinachotoka, maana bila hivyo haisafishiki. Kwa tafsiri kali, hata magazini ya risasi 10 ingekuwa haramu. Ilibidi Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, John Suthers, atoe mwongozo kwamba kitako kutoka peke yake si tatizo. Lakini ukiweka kitako kirefu kwenye magazini ya 15 ya Glock 19 ikawa 17, hapo umeshavunja sheria. Kwa hiyo muswada wa kwenu ukichapishwa, usianzie kwenye namba. Tafuta sentensi inayoeleza magazini ni nini, na inayoeleza kubadilisha ni nini.

Kuhusu kuchukuliwa: majimbo hayafanani. Jimbo la Washington, kuanzia Julai 1, 2022, lilikataza kuuza, kutengeneza na kuingiza magazini zinazozidi 10, lakini ulizokuwa nazo unabaki nazo. Colorado inakuruhusu kubaki na ulizokuwa nazo kabla ya tarehe ile mradi hujaachana nazo, ila huruhusiwi kumuuzia wala kumpa mtu mwingine humu jimboni. Kundi la tatu ndilo kali. New Jersey mwaka 2018 ilishuka kutoka 15 hadi 10 na kuwapa wenye nazo siku 180 wazipunguze, waziondoe jimboni au wazisalimishe. Rhode Island ikafanya vivyo hivyo mwaka 2022. Hata huko, sikusikia polisi wakipita nyumba kwa nyumba wakikagua droo. Zinakamatwa gari linaposimamishwa barabarani, au polisi wanapoitwa nyumbani kwa ugomvi mwingine kabisa.

Wewe uliyekulia kwetu Afrika, ambako silaha ina leseni na namba yake iko polisi, utashangaa kwamba magazini haina namba yoyote ya usajili. Nani atajua uliinunua lini? Colorado walilijibu hivi: ukidai ulikuwa nayo kabla ya tarehe, ni juu ya mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba si kweli. Masherifu wa kaunti zaidi ya 50, kati ya wote 60 na kidogo, walikwenda mahakamani wakisema sheria ya namna hiyo haisimamiki. Kwa upande wako ushahidi ni rahisi: tunza risiti, na kama huna, piga picha magazini zako leo, simu itaandika tarehe.

Nije kwa hao jamaa zako wa shabaha. Hasira yao usiidharau, ina sababu zaidi ya moja. Springi ya magazini inachoka kama tairi za lori lako, kwa hiyo anayeambiwa hataweza kununua nyingine anasikia kwamba bastola yake imepewa siku ya kufa. Kuna suala la polisi kusamehewa kikomo ambacho raia anawekewa. Halafu kuna kuhisi kwamba anayeandika sheria hajawahi kushika kitu anachokiandikia, na ile sentensi ya kitako inawapa haki kidogo.

Hoja yao moja, hata hivyo, mimi siinunui. Wanasema kubadilisha magazini ni sekunde mbili, kwa hiyo kikomo hakimzuii muuaji; dakika hiyohiyo wanasema risasi 10 hazitoshi kujilinda nyumbani kwa sababu hutapata muda wa kubadilisha. Chagua moja, kaka. Mtu aliyetulia kwenye mazoezi hubadilisha kwa sekunde mbili. Mikono ikitetemeka ni habari nyingine, iwe ya mwizi au ya mwenye nyumba. Tucson, Arizona, Januari 8, 2011, aliyempiga risasi mbunge Gabby Giffords alikuwa na Glock 19 yenye magazini ya risasi 33. Watu walimwangusha alipokuwa anajaribu kuweka nyingine, na mama mmoja akamnyang'anya ile magazini. Hapa Aurora, kwenye jumba la sinema Julai 2012, magazini ya duara ya risasi 100 aliyokuwa nayo muuaji ilikwama. Kwa hiyo mapumziko ya kubadilisha yana maana. Yana maana kwa pande zote mbili, na hilo ndilo linaloufanya mjadala huu kuwa mgumu.

Kelele huwa zinazaa matokeo, ila si yale yanayotarajiwa. Mwaka 2013 kampuni ya Magpul, iliyokuwa ikitengeneza magazini mji wa Erie hapa Colorado, ilileta maelfu ya magazini kwa helikopta kwenye mkutano wa hadhara Glendale siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, kisha ikahamisha shughuli zake Wyoming na Texas. Septemba mwaka huohuo wapiga kura waliwaondoa maseneta wawili wa jimbo, John Morse aliyekuwa rais wa Seneti na Angela Giron wa Pueblo. Sheria ikabaki. Mahakama ya Juu ya Colorado ikaibariki mwaka 2020, na mwaka 2025 bunge likaongeza ukali wa adhabu.

Mahakamani nako usiweke matumaini yote. Tangu hukumu ya Bruen ya Juni 2022, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitumia kupanua haki ya kubeba silaha, watetezi wa bunduki waliamini sheria hizi zitaanguka zote. Lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufaa inayohusika na California ilisema, majaji 7 kwa 4, kwamba magazini kubwa si silaha yenyewe bali ni kifaa cha ziada. Kwa fundi hilo ni gumu kumeza, maana Glock bila magazini inafyatua risasi moja tu ya chemba halafu inakuwa chuma. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza kesi ya Rhode Island. Kule Kelso, Washington, Aprili 2024 jaji wa kaunti aliifuta sheria. Duka la bunduki lililokuwa kwenye kesi likafungua mauzo papo hapo, na chini ya saa mbili amri ya kusimamisha ikawa imefika. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikairejesha rasmi.

Sasa lile la kwako hasa. Huyo anayeapa kwamba hatatoa magazini hata wakimfunga, muulize pasi yake ya kusafiria ni ya wapi. Raia wa kuzaliwa akikamatwa kwa kosa dogo analipa faini au anakaa ndani kidogo, kisha anarudi kwenye maisha yake. Wewe mwenye grini kadi, hukumu yoyote inayohusu silaha inaweza kuibuka siku unapoomba uraia, au unaporudi kutoka msibani nyumbani na afisa wa uwanja wa ndege akafungua faili lako. Baadhi ya makosa ya silaha yanatosha kukufukuzisha nchini. Ushujaa wa mwenzako haukuhusu. Ukipewa tarehe ya mwisho, itii, na ukikamatwa usikiri kosa lolote, hata lile la "lipa faini uende", kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Na nyinyi mnaoniandikia mkiwa na viza ya masomo au ya matembezi: sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kumiliki bunduki kabisa, isipokuwa kwa vigezo vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji.

Lori ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko muswada, kwa sababu hatari hiyo unayo tayari leo. Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili hazina kikomo cha magazini. Ukiingia Illinois, 17 yako imeshazidi 15. Ukifika New Jersey au New York, kikomo ni 10. Kibali chako cha Minnesota nacho hakikubaliki kila mahali, kwa hiyo angalia jimbo moja moja kwenye njia yako. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita tu, akitoka mahali anaporuhusiwa na kwenda mahali anaporuhusiwa: bastola haina risasi, bastola na risasi haviwezi kufikiwa kutoka ulipokaa, na kama gari halina buti basi viwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, si kwenye kile kidroo cha dashibodi. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inataja bunduki na risasi, haitaji magazini kwa jina. Na anayeshusha mzigo Newark akalala huko si mpita njia tena. Kampuni nyingi za malori zinakataza silaha ndani ya kibini hata hivyo. Soma mkataba wako.

Kwa njia ya mashariki, basi, magazini za 17 zibaki nyumbani. Nunua mbili za kiwandani za risasi 10, zifanyie mazoezi mpaka uziamini. Zile kumi za haraka unazoshauriwa kununua achana nazo. Bei inapanda kila muswada unapotajwa, na Minnesota ikifuata njia ya New Jersey utakuwa umenunua mzigo wa kuutoa jimboni ndani ya siku 180.