Maswali ya Wasomaji: P0171 kwenye X-Trail, P1229 kwenye Prado

SWALI: Nina Nissan X-Trail ya 2003, petroli, lita 2.0. Taa ya injini iliwaka, fundi akapima kwa kompyuta, ikatoka P0171. Akabadilisha sensa ya oksijeni. Taa ikakaa kimya siku nne, halafu ikarudi na msimbo ule ule. Asubuhi gari linatetemeka likiwa limesimama, na nikikanyaga linakuwa zito. Sasa fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. Nimkubalie?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe pesa ya pampu bado. P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona hewa ni nyingi kuliko petroli, ikaongeza petroli mpaka ikafika kikomo chake, na bado haikutosha. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari hiyo. Kuing'oa ni kumfukuza askari wa zamu kwa sababu amepiga kelele, huku mwizi bado yumo ndani.

Mwambie fundi asifute msimbo tena kabla ya kuangalia. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo wa gari, joto la injini, mizunguko, mzigo. Ukifuta, au ukichomoa betri, kumbukumbu hiyo inapotea, na ndiyo inayoonyesha kama tatizo lilitokea gari limesimama au likipanda mlima.

Kisha injini ipate moto vizuri, na fundi asome namba mbili kwenye mashine: STFT na LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Azijumlishe. Gari lisilo na tatizo hukaa ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri. La kwako litakuwa juu zaidi ya hapo, lakini la muhimu ni jinsi jumla hiyo inavyobadilika. Apime gari likiwa limesimama bila kukanyagwa, halafu ashike mizunguko 2,500 kwa dakika, halafu barabarani likivuta mzigo.

Ikiwa jumla ni kubwa gari likiwa limesimama, mathalani +25, kisha inashuka karibu na +5 kwenye 2,500, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye kipimo cha hewa. Tundu lile lile linaingiza hewa nyingi ukilinganisha na kidogo inayovutwa injini ikiwa polepole. Ukikanyaga, hewa halali inaizidi. Ikiwa mambo ni kinyume, sawa gari likiwa limesimama na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, ama petroli haifiki ya kutosha, ama sensa ya kupima hewa, ile mafundi wanayoiita MAF, inahesabu pungufu.

Kwa dalili zako ningeanza na mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye throtoli, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga. Usiuangalie kwa juu tu. Ufungue, uukunje kwa mikono na umulike ndani ya kila mkunjo kwa tochi. Mpira wa zamani hupasuka kwa chini, mahali pasipoonekana, na injini inapoinama kwenye mikono yake, yaani vishikizo vyake vya mpira, wakati wa kuondoka, ufa unafunguka kama mdomo. Ndiyo maana gari moja linaweza kutetemeka likiwa limesimama na pia kuwa zito ukikanyaga. Kisha kagua mpira mdogo wa kupumulia injini, mpira wa buster ya breki (kifaa kinacholainisha pedali ya breki), na gaskiti ya manifoldi, yaani bomba la kugawa hewa kwenye silinda. Gaskiti iliyokauka huvuja injini ikiwa baridi, kisha hujibana kidogo ikipata moto. Kipimo bora ni moshi unaosukumwa ndani ya manifoldi kwa shinikizo dogo: unapotokea ndipo panapovuja. Wengi hunyunyizia kabureta klina huku injini inaunguruma wasikilize inapobadilika. Inafanya kazi, lakini karibu na egzosi ya moto unaweza kuwasha gari.

Mipira ikiwa mizima, fungua MAF. Inashikwa na skrubu mbili. Ndani utaona waya mwembamba kama unywele, na kwa gari la barabara za murram mara nyingi umevaa koti jekundu la vumbi. Koti hilo linauzuia kupoa, na kompyuta inadhani hewa ni kidogo kuliko ilivyo. Puliza dawa maalumu ya MAF, si kabureta klina, usiguse waya kwa kidole wala pamba, na uache ukauke kabisa kabla ya kurudisha. Injini ya lita 2.0 yenye moto, ikiwa imesimama na AC imezimwa, huonyesha kwenye mashine takriban gramu 2 hadi 3 za hewa kwa sekunde.

Pampu inakuja baada ya hayo, na kwa geji, si kwa kukisia. Ondoa kwanza fyuzi ya pampu, acha injini ijizime yenyewe ili shinikizo liishe, kisha funga geji kwenye njia ya petroli. X-Trail hii hutakiwa iwe karibu kPa 350, yaani psi 51. Ikiwa chini, pima umeme kwenye plagi ya pampu, chini ya kiti cha nyuma, injini ikiwaka: ukipungua kwa zaidi ya volti moja kuliko betri, tafuta waya, relei au erthi mbovu kabla ya kulaumu pampu. Umeme ukiwa sawa na shinikizo bado ni dogo, hapo pampu au chujio lake lina kesi. Anayezoea kuendesha tangi likiwa karibu tupu huiua pampu mapema, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza.

Dokezo moja kwa mafundi wanaopima vakyumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, kwa geji: vitabu vingi vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, hivyo sindano husoma chini kwa takriban inchi 4 za zebaki, na Mbarara ni juu zaidi. Usihukumu injini kwa hilo.

SWALI: Prado ya 2006, dizeli 3.0 D-4D. Ikipanda mlima inakata nguvu, taa inawaka, msimbo P1229. Nimeambiwa nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli kwenye injini, zimekufa.
Msomaji, Kabale

JIBU: Msimbo huo unahusu pampu ya shinikizo na udhibiti wake, nozeli hazishtakiwi kwanza. Badilisha chujio la dizeli na umwage maji yaliyo chini yake: legeza kizibo kwa mizunguko miwili hivi, kisha sukuma pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi. Tatizo likiendelea, angalia vali ya kudhibiti uingizaji, SCV, iliyo kwenye pampu. Uchafu huifanya ikwame. Ikikwama, mlio wa injini unapanda na kushuka gari likiwa limesimama, wakati mwingine linazima ukiachia pedali. Mashine ionyeshe shinikizo linalotakiwa na lililopo kwa pamoja. Namba hizo mbili zikiachana na kukimbizana, SCV ndiyo ya kushukiwa. Osha pampu kabla ya kuifungua, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuiharibu, na weka oringi mpya. Usilegeze bomba lolote la shinikizo injini ikiwaka: ndani mnapita zaidi ya baa 1,000, na dizeli hiyo hupenya ngozi.