Saintpaulia kwenye joto la Tanga mjini
Dada, umeuliza kama saintpaulia, lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, litakubali hapa mjini, Chumbageni. Litakubali, ila usilipande juani. Kwao ni kwenye miamba yenye unyevu, karibu na vijito, chini ya miti mikubwa kule Amani, kwenye msitu wa Usambara; jua la saa saba linababua majani siku hiyohiyo. Liweke kwenye chungu barazani, upande unaopata jua la asubuhi tu. Changanya mboji, mchanga na makumbi yaliyochambuliwa, na chungu kiwe na tundu chini. Mizizi yake ikikaa kwenye maji inaoza upesi sana.

Mwagilia udongo, si majani. Yana manyoya laini, na maji ya baridi yanayaachia madoa.

Tafadhali usiende kung'oa porini. Aina nyingi zimebaki sehemu chache mno. Omba jani moja kwa mwenye nalo, likate pamoja na kikonyo, chomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya miezi miwili hivi utaona vimajani vidogo vikichomoza pale chini.