Kile kitabu ulichokiandika "Hisabati"

Mwanangu,

Barua yako tumeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Yeye akasema jibu ni jepesi, mtoto aseme anachosoma, kisha akarudi kwenye gazeti lake, ambalo mpaka leo analianza ukurasa wa mwisho. Mimi wepesi huo siuoni.

Unasema ofisini kwenu kila Jumatatu, kabla ya kikao, watu wanaambizana wanasoma nini wiki hiyo, iwe kitabu, iwe jarida. Wenzako wanataja vitabu vinene vya uongozi na uchumi. Wiki ijayo ni zamu yako, na kando ya kitanda chako kuna riwaya ya upelelezi iliyochakaa na majarida mawili ya injini za pikipiki. Unaniuliza: "Mama, niseme ukweli, au nitafute kitabu cha heshima nikitaje?"

Nami nataka kujua: huyo anayewauliza, akishajibiwa hufanya nini? Huuliza swali la pili? Au huitikia "vizuri" akamgeukia anayefuata? Maana neno langu mnalijua wote: usimuulize mtu anasoma nini kama huna muda wa kukaa chini. Nilimwambia mdogo wako alipokwenda chuo, nakwambia na wewe, na huenda nikalirudia kabla sijaweka kalamu chini.

Swali lile linaonekana dogo, kama kujuliana hali asubuhi. Lakini ukijuliwa hali jibu lako liko mdomoni tayari, unasema nzuri, unapita. Kitabu hakina jibu la namna hiyo. Mtu aliye ukurasa wa 60 bado hajui kama anachosoma ni kizuri. Anajua tu kwamba jana alichelewa kuzima taa. Ukimuuliza, inabidi akutolee kitu ambacho hakijaiva. Sasa akikutolea, kipokee kwa mikono miwili.

Unajua neno hili nimelitoa wapi. Au pengine hujui, kwa sababu hatujawahi kulizungumza.

Ulikuwa na miaka 12. Ilikuwa Jumapili, walimu wenzangu wamekuja tusahihishe mitihani pamoja, meza yote imejaa karatasi, kila mtu na kalamu yake nyekundu. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi sakafuni karibu na dirisha, miguu inacheza hewani, unasoma. Yule mwalimu wa Jiografia mwenye miwani mizito, unamkumbuka, akaweka kalamu yake mezani akasema, "Kijana, unasoma nini hicho?"

Ukasimama. Ulikuwa umeingiza kidole kati ya kurasa ili usipoteze ulipofika. Ukataja jina la kitabu, kisha hukuishia hapo, ukaanza kusimulia. Kuna jasusi amejifanya mpishi melini, na nahodha anampenda kwa mapishi yake, na jasusi naye ameanza kumpenda nahodha kama kaka, ndiyo taabu yenyewe. Ulikuwa unasema haraka mpaka pumzi inakukatika. Na mwalimu yule alikuwa anakusikiliza kweli. Kalamu yake alikuwa amekwisha kuiweka. Hilo nalijua kwa sababu yangu mimi sikuiweka.

Bila kuinua kichwa kwenye karatasi niliyokuwa nasahihisha, nikasema: "Muache huyo. Ni vijitabu vya majasusi tu, karatasi za kuwashia moto."

Wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliochoka waliopata sababu ya kupumzika kidogo. Wewe nawe ukatabasamu nao. Kisha ukachomoa kidole.

Mwanangu, nimesahau mambo mengi ya miaka ile. Nimesahau matokeo ya mitihani tuliyokuwa tukisahihisha, nimesahau hata nani mwingine alikuwepo. Ila kidole kile nakiona: kinatoka taratibu, kurasa zinajifunga, na hukuweka alama yoyote.

Usiku baba yako akaniambia, "Leo umemnyang'anya mtoto kitabu bila hata kukishika." Nikamjibu kwamba mwalimu wa fasihi hawezi kusifu kila kilichopigwa chapa. Nikalala nimemnunia, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli.

Juma lililofuata vitabu vyako vikaanza kuvaa majalada. Ulichukua karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe ukaugeuza nje, ukakunja pembe vizuri kama nilivyokufundisha kufunika madaftari. Juu ukaandika HISABATI kwa herufi kubwa. Likizo nzima ulikuwa unasoma hisabati. Nilijiambia mtoto ametulia, amekuwa na bidii. Hapana, hapo naandika uongo. Nilijua tangu siku ya kwanza. Hakuna mtoto anayesoma hisabati amelala kifudifudi miguu ikicheza hewani.

Kulikuwa na kisa nikipenda kuwasimulia wanafunzi. Agostino, yule aliyekuja kuwa mtakatifu na mwandishi mkubwa wa Kanisa, alipokwenda Milano, Italia, mwaka 384, alimkuta askofu Ambrosi akisoma kimya, macho yanatembea kwenye ukurasa na sauti haitoki. Zama zile kumkuta mtu anasoma hivyo kulimshangaza. Mlango wa askofu ulikuwa wazi kwa yeyote, basi Agostino na wenzake wakiingia, wakikaa kimya muda mrefu, halafu wakiondoka bila kumuuliza kitu. Nani angethubutu? Wakawa wanabuni sababu. Labda anaitunza sauti yake. Labda anaogopa akisoma kwa sauti, msikilizaji atamsimamisha kwenye mahali pagumu amtake aeleze. Darasani nilikisimulia kama ajabu la kale. Kumbe nyumbani nilikuwa naye chumba cha pili, mtu anayesoma kimya ili asiulizwe, na mimi ndiye niliyemfundisha kimya hicho.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Siku moja nabadilisha mashuka yako, nikakikuta chini ya godoro. HISABATI. Nikafungua nione tu jinsi lugha ilivyoharibiwa. Nilianza nimesimama. Baadaye nikakaa ukingoni mwa kitanda chako. Wiki ile nilikuwa nafika nyumbani saa nzima kabla yako, na kwa siku nne nilikisoma kwa wizi saa hiyo, nikisikia lango linalia nakirudisha mahali pake, sura ya jalada ikitazama chini kama ulivyokiacha.

Lugha ilikuwa mbovu. Hilo silirudishi. Sentensi zilikimbia bila koma, na wanawake wote wa kitabu kile walikuwa na kazi mbili, kulia na kutilia watu sumu. Siwezi kukiita kizuri eti kwa sababu nilikuonea. Hayo ni mambo mawili, na mtu mzima lazima ayashike yote mawili. Lakini kuna mahali jasusi amefungiwa kwenye ghala la meli, gizani, na kila usiku anahesabu hatua za mlinzi anayepita juu yake. Hatua 11, kila usiku 11. Usiku mmoja zikawa 12.

Pale nilirudia kusoma mara tatu. Neno "taharuki" nilikuwa nimeliandika ubaoni kwa miaka kumi na mitano, na maana yake chini, wanafunzi wananakili. Na mwandishi asiyejua kuweka koma akanikausha mate kwa hatua moja iliyozidi.

Nikafika pale mlango unapofunguliwa, mlinzi anasimama na taa mkononi, anasema neno moja tu, "Pita." Nikasikia lango. Kesho yake nikainua godoro, hakuna kitu. Ulikuwa umekirudisha kwa mwenyewe. Na mimi sikuweza kukuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukiri, na wakati ule nilikuwa bado naona mzazi hakiri.

Wewe hukuuliza tunasoma nini hapa, lakini nitakwambia. Nina jarida la zamani aliloniachia jirani alipohama, lina makala ndefu kuhusu wasokotaji wa sigara wa Havana, huko Kuba. Kuanzia mwaka 1865, wafanyakazi wale walikuwa wakichanga kutoka kwenye ujira wao wenyewe kumlipa mtu akae mahali palipoinuka awasomee, mikono yao ikiendelea kukunja majani ya tumbaku. Aliwasomea magazeti, akawasomea riwaya, na riwaya waliichagua kwa kura. Haukupita mwaka mmoja, 1866, utawala wa Hispania, uliokuwa ukiitawala Kuba, ukapiga marufuku, kwamba wafanyakazi wasivurugwe na vitabu na mijadala isiyohusu kazi yao. Baadaye desturi ikarudi, ikavuka bahari pamoja na wahamiaji mpaka viwanda vya Florida, Marekani, na huko katika mji wa Tampa mwaka 1931 wenye viwanda wakawaondoa wasomaji, redio zikachukua nafasi yao. Baba yako nilipomsomea hapo alikunja gazeti lake. Alisema redio huwezi kuipigia kura.

Na unajua watu wale walipenda nini? Waliipenda riwaya ya Alexandre Dumas, ile ya mfungwa anayetoroka gerezani akalipiza kisasi. Jina la riwaya hiyo ndilo liko kwenye sigara za Montecristo zilizoanza mwaka 1935. Nayo mimi darasani nilikuwa naipita haraka, naiita ya kujiburudisha. Watu waliokuwa wakitoa sehemu ya mshahara wao ili wasomewe hawakuiita hivyo.

Kinachonigusa ni kwamba mle ndani hapakuwa na haja ya mtu kumuuliza mwenzake anasoma nini. Wote walikuwa ukurasa mmoja, saa moja. Aliyeitaka riwaya ya kisasi aliipigia kura wenzake wakijua, na hakuna aliyekunja karatasi ya kalenda.

Lakini ofisi yenu si kiwanda kile, najua. Na mtu ana haki ya kusoma kimya chake. Sitaki kitu nilichoandika hapa kikufanye uone kwamba kila ukiulizwa lazima ufungue moyo mbele ya watu wanaotazama saa. Ambrosi hakumkosea mtu. Ukiniambia umeamua kusema tu, "Wiki hii nasoma magazeti," nitakuelewa. Halafu tena najiuliza, nitakuelewa kweli, au nitasema nakuelewa kwa sababu nina deni kwako?

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba umuulize yule wa kitabu cha uongozi yuko ukurasa wa ngapi. Nimefuta. Pengine anakisoma kweli na kinamsaidia. Pengine hakisomi, nyumbani kwao kulikuwa na mtu kama mimi mezani, na kalamu nyekundu. Ukimuuliza, basi muulize kwa kutaka kujua, na uwe na muda wa kukaa chini.

Majarida yako ya pikipiki nayo sijayasahau. Mara ya mwisho ulipokuja ulinieleza jinsi injini ya mapigo mawili inavyofyonza, kukandamiza, kulipuka na kutoa moshi pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, wakati ile ya mapigo manne inahitaji kupanda na kushuka mara mbili. Ulichora nyuma ya bahasha, na bahasha ninayo. Sikuwa nimekuona ukieleza kitu kwa pumzi ile tangu Jumapili ile. Kalamu yangu siku hiyo ilikuwa mezani, sijui kama uliona.

Baba yako anasema barua imekuwa ndefu na jibu halimo. Nimemwambia limo. Mkono unaniwasha kuandika "fanya hivi", na ungekuwa na miaka 12 ningekuwa nimekwisha kuandika na kupiga mstari chini yake. Una miaka 34. Basi siandiki. Nasema tu kwamba ukitaja kitabu usichokisoma, na kwa bahati akatokea mmoja mle ndani akaweka kalamu yake mezani akageuza kiti kukusikiliza, utamsimulia nini?

Jumatatu ikipita niandikie ilikuwaje, na uniambie hiyo riwaya ya sasa inahusu nini.

Na kabla ya hiyo, ile nyingine. Yule mlinzi mwenye taa aliyesema "Pita", alikuwa upande wa nani? Ni miaka 22 sasa. Anzia pale mlango ulipofunguliwa, usifupishe. Baba yako naye anangoja, maana usiku ule wa siku ya nne nilimsimulia yote mpaka hapo.

Mama yako