Klorini ipo, lakini maji ya bwawa yanageuka kijani

SWALI: Bwawa la kuogelea la nyumbani kwangu hutiwa vidonge vya klorini kila wiki, na karatasi ya kupimia huonyesha klorini miligramu 3 kwa lita na pH 7.8. Pamoja na hayo, maji yanageuka kijani na kuta zinateleza. Dawa ya kuua mwani nimeitia mara mbili bila mafanikio. Je, ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue dawa nyingine kabla hujapima asidi ya sainuriki. Vidonge vinavyoyeyuka polepole kwa kawaida huwa na asidi hiyo, na kazi yake ni kuikinga klorini isiharibiwe na jua. Shida ni kwamba kila kidonge kinachoongeza miligramu 10 za klorini kwa lita huongeza pia takriban miligramu 6 za asidi. Klorini hutumika ikaisha, ilhali asidi hubaki, na maji yakikauka kwa jua yenyewe haiondoki. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinafaa, lakini ikifika 100 na zaidi, klorini nyingi hushikwa na asidi hiyo, na miligramu 3 unazozisoma hazina tena nguvu ya kuushinda mwani.

Karatasi za kupimia hazitegemeki sana kwa kipimo hiki, kwa hiyo tumia kile cha maji na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia. Chota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye chujio. Changanya na kitendanishi kwa kiasi sawa, subiri muda ulioandikwa kwenye maelekezo hadi mchanganyiko uwe kama maziwa, kisha umimine kidogo kidogo kwenye mrija wenye doa jeusi chini, ukitazama kutoka juu. Doa linapopotea, simama na usome alama. Wengi hukodoa macho wakilitafuta doa ambalo limeshapotea, wakaendelea kumimina na kupata jibu lililo chini ya ukweli.

Ikiwa asidi imezidi, hakuna dawa ya kawaida ya kuipunguza kwa uhakika. Badilisha sehemu ya maji. Ukiondoa nusu na kujaza mapya, 120 itashuka hadi karibu 60. Usilikaushe bwawa lote kwa pamoja, hasa mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kwa sababu yanaweza kulisukuma bwawa tupu likainuka au kupasuka.

Baada ya hapo shusha pH hadi 7.2, kisha utie klorini ya maji (si vidonge) jioni jua likishazama, hadi ifikie takriban asilimia 40 ya asidi iliyopo: asidi ikiwa 50, klorini iwe 20. Sugua kuta, ngazi na pembe zote kwa brashi, kwa maana utando unaoteleza huukinga mwani ulio chini yake. Pampu ifanye kazi usiku na mchana, na chujio lisafishwe kila mshale wa kipimo cha shinikizo unapopanda. Maji yakigeuka meupe kama moshi, mwani unakufa. Endelea kuongeza klorini ili kiwango kisishuke. Katika siku hizi kitendanishi cha klorini kinaweza kung'aa waridi kisha kufifia papo hapo. Hiyo ni dalili ya klorini kuwa nyingi mno, si ya kukosekana.

Dawa ya kemikali itiwe kwenye maji, kamwe si maji juu ya dawa, na usichanganye aina mbili za klorini wala klorini na asidi, kwani hutoka gesi ya sumu na baadhi ya michanganyiko hulipuka.

Kuhusu dawa ya mwani uliyoitia, soma lebo yake. Ikiwa ina shaba, inaweza yenyewe kuyapaka maji rangi ya kijani huku yakibaki maangavu, na hapo klorini haitasaidia.

Ili kujua kama umemaliza, pima klorini baada ya jua kuzama na tena kabla ya kuchomoza. Ikipungua kwa zaidi ya miligramu 1, mwani bado upo na matibabu yaendelee. Isipopungua hivyo, na sakafu ikaonekana vizuri, acha klorini ishuke kwenye kiwango cha kawaida kabla ya mtu kuogelea. Vidonge vitumie unaposafiri tu, na asidi ya sainuriki uipime kila mwezi.