Kabla hujamnunulia mzee simu ya Nokia 5310 ya muziki

Macho ya baba yalipoanza kufifia, simu ya tachi niliyompa iligeuka mateso. Akitaka kuruka wimbo, anajikuta amempigia mtu. Mwishowe akaacha kabisa kusikiliza muziki, na kwa mtu aliyekulia kwenye rumba, hilo liliniuma.

Nikaikumbuka Nokia 5310 XpressMusic, ile nyembamba yenye mbavu za alumini iliyotangazwa mwaka 2007. Ubavuni mwa kioo ina vitufe vitatu vya muziki tu: kurudisha nyuma, kucheza na kusimamisha, kupeleka mbele. Havina kazi ya kuandika meseji wala kupiga simu. Siku ya kwanza baba alivipapasa kwa kidole gumba mara mbili tatu, kisha akafumba macho na kuruka nyimbo bila kuuliza mtu. Kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, mtafutie. Ila usikurupuke kama mimi.

Anza na betri. Niliyouziwa ilikuwa imevimba na sikuijua, kwa sababu nilijaribu simu ikiwa kwenye chaji. Itoe, iweke juu ya meza, uizungushe kwa kidole kama pia. Ikizunguka vizuri, imevimba, iache hapohapo. Hii simu ina uzito wa gramu 71 na unene usiofika milimita 10, kwa hiyo betri ikivimba kidogo tu kifuniko cha nyuma hakikai sawa. Hilo nalo litazame.

Halafu memori kadi. Mimi nilienda na kadi ya GB 32 iliyojaa nyimbo, nikarudi nayo mkononi, maana simu hii ilitengenezwa kwa kadi ya microSD ya hadi GB 4. Usione ni ndogo. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 wenye ubora wa kbps 128 unakula takriban MB 4, kwa hiyo hata GB 2 inabeba nyimbo kama 500. Mzee hatazimaliza. Cha muhimu ni kuzipanga: faili zangu zilikuwa hazina majina ya wasanii, rumba ikachanganyika na kwaya, baba akakasirika. Nilikaa jioni nzima nikiandika majina upya kwenye kompyuta, na ilistahili.

Uliza pia ni 5310 ipi unayouziwa. Mwaka 2020 HMD Global, kampuni iliyokuwa ikitoa simu za Nokia wakati huo, walitoa nyingine yenye jina hilohilo, nayo ina vitufe vya muziki ubavuni. Hiyo inapokea kadi hadi GB 32 na redio yake inashika hata bila hedifoni. Kama huna fundi wa kuaminika wa kukutafutia betri nzuri ya ile ya zamani, chukua hii mpya bila kusita.

Ukichukua ya zamani, jua kwamba waya wa hedifoni ndio antena ya redio. Ukikatika, taarifa ya habari ya saa mbili usiku imekatika nao. Bahati nzuri tundu lake ni la kawaida la milimita 3.5, hedifoni yoyote ya waya yenye pini ya namna hiyo inaingia. Mnunulie mbili kwa mpigo, moja uifiche kabatini.