Kabla ya Kuvaa Fulana ya Mgombea, Tafuta Jina Lako Daftarini

Kampeni za urais zilipofunguliwa Novemba 2015 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Kampala, na kwa miezi mitatu nilipanda malori, nikabandika mabango usiku na kupaza sauti viwanjani hadi ikakauka. Mgombea wangu sitamtaja, kwa kuwa ninayoyasema yanamhusu mwanafunzi wa upande wowote. Ilipofika siku ya kura, Alhamisi tarehe 18 Februari 2016, mimi sikupiga kura. Jina langu lilikuwa katika daftari la kijijini kwetu, karibu na Arua, safari ya usiku mzima kwa basi, nami nilikuwa nimekabidhiwa mawakala wa vituo kadhaa wilayani Wakiso.

Wanafunzi wengi wamo katika hali hiyo bila kujua. Kuhamisha kituo cha kupigia kura hufanyika katika muda maalumu unaotangazwa na Tume ya Uchaguzi, tena mapema mno, wakati ambapo hakuna anayezungumzia siasa. Kwa uchaguzi wa Januari 2021 nilikwenda kuhamisha jina langu mwishoni mwa 2019, na foleni niliyoikuta ilikuwa ya wazee watupu.

Jambo la pili ni kuuliza utapewa kazi gani. Mikutano ya hadhara ina raha yake, lakini kura huhesabiwa kituoni, mbele ya watu, na mgombea huruhusiwa kuweka mawakala wasiozidi wawili katika kila kituo, ambao hutia saini fomu ya matokeo na kupewa nakala. Kijana anayejua kujumlisha, mwenye mwandiko unaosomeka na subira ya kukaa kituoni tangu saa moja asubuhi hadi kura ya mwisho ihesabiwe, ana faida kuliko waimbaji kumi juu ya lori.

Hayo niliyajua kwa kuumia. Asubuhi ile vifaa vya kupigia kura vilichelewa kwa saa nyingi katika sehemu za Kampala na Wakiso, na Facebook, WhatsApp na huduma za kutuma pesa kwa simu zikafungwa. Chakula cha mawakala wangu kilitegemea pesa za simu, na picha za fomu zilitegemea WhatsApp. Wawili waliondoka kwa njaa kabla ya kuhesabu, na siwalaumu. Fomu za vituo vingine nilizifuata kwa bodaboda, kituo kwa kituo, hadi usiku. Mwaka 2021 intaneti nzima ilizimwa, kwa hiyo andika namba za simu kwenye karatasi, gawa posho taslimu siku moja kabla, na zungumza mapema na mwendesha bodaboda unayemwamini.

Kuhusu posho, kubalianeni kwa maandishi. Mimi hadi leo nadai ya wiki tatu, na aliyeniahidi hapokei simu yangu. Masomo nayo hayasubiri: mwenzangu mmoja alirudia somo zima kwa sababu ya kazi mbili za darasani ambazo hakuwasilisha. Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa wa chama kingine, tukakubaliana kwamba hakuna bango litakaloingia chumbani, na urafiki wetu ukanusurika.

Lililobaki ni zito zaidi. Novemba 2020, katika ghasia za siku mbili zilizofuata kukamatwa kwa mgombea mmoja wa urais, zaidi ya watu hamsini waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo wapita njia. Kabla ya kutoka kwenda mkutanoni, mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi, na nani, na saa ngapi utapiga simu. Mimi nilimpigia mama kila siku saa mbili usiku, na siku niliyochelewa kwa dakika arobaini nilimkuta amekwisha kuwapigia wajomba zangu wote.